Sio Barua ya Bob Dylan Iliyomwokoa John Lennon

Wiki tatu zilizopita simu yangu ililia saa sita usiku. Alikuwa msichana tuliyesoma naye chuo kabla niache. Hatukuwa tumeongea karibu miaka miwili, kwa hivyo nilijua tu kuna kitu. Hakuuliza hata kama niko poa. Alisema, "Wewe si unajuana na wasanii? Nisaidie. Wanataka kumrudisha brathe."

Brathe yake ako Marekani. Alienda na viza ya masomo, karo ikakata katikati, masomo yakasimama, yeye akabaki. Sasa ana kazi, ana mtoto anayeanza shule, na ana kesi mbele ya hakimu wa uhamiaji. Wakili wake alimwambia atafute barua za watu wa kumsimamia. Familia huku nyumbani iliposikia "watu", ikaelewa "watu wakubwa". Mbunge. Mwanamuziki. Mwanariadha mwenye medali. Hata mchungaji wa televisheni. Hii ni Kenya, wasee. Sote tumelelewa tukijua mlango haufunguki mpaka mtu fulani apige simu.

Nilikubali hapo hapo. Na nitasema ukweli, kwa sababu hamnifuati hapa niwadanganye. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, nilimwonea huruma. Ya pili, nilikuwa nishaanza kuiona ile video kichwani: muziki wa huzuni pole pole, uso wangu karibu na kamera, idadi ya watazamaji ikipanda.

Niliandikia watu 11 wenye majina. Wanane hawakufungua hata ujumbe. Wawili walisoma wakanyamaza, tiki za bluu hizo hapo. Mmoja alijibu kupitia meneja wake: video ya sekunde 30 ina bei, na bei yenyewe ingetosha kumnunulia huyo dada tiketi ya ndege akamwone brathe mwenyewe.

Usiku huo, nikiwa nimekasirika, nikakumbuka kesi moja tuliyofundishwa mwaka wa kwanza. Ni moja ya vitu vichache nilivyobeba nikitoka chuo. Nikairudia yote, mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, niliacha kutuma hizo meseji. Wacha niwaambie ni kwa nini.

Kesi ni ya John Lennon. Kama humjui, uliza mzazi wako. Kijana wa Liverpool, mmoja wa wale wanne wa The Beatles, na katika miaka ya sitini hakukuwa na wanamuziki waliojulikana duniani kuwashinda. Mwaka wa 1971 alihamia New York na mkewe, Yoko Ono, msanii Mjapani. Hawakuenda kutalii tu. Yoko alikuwa na binti kutoka ndoa ya awali, na baba ya huyo mtoto alikuwa amemchukua na kutoweka naye. Walikuwa wanamtafuta mtoto.

Lakini Lennon hakuwa mtu wa kunyamaza. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na yeye alikuwa anavipinga wazi wazi. Tarehe 10 Desemba 1971 alipanda jukwaani Ann Arbor, Michigan, kwenye tamasha la kumtetea John Sinclair, mwanaharakati aliyekuwa amefungwa miaka 10 kwa sababu ya misokoto miwili ya bangi. Miwili tu! Siku tatu baadaye, Sinclair alikuwa nje ya jela.

Sasa jiweke kwenye viatu vya serikali ya Richard Nixon. Uchaguzi ni Novemba 1972. Katiba yao imebadilishwa mwaka wa 1971, vijana wa miaka 18 wanapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza. Halafu kuna huyu mwanamuziki ambaye akiimba usiku mmoja, mfungwa anatoka. Februari 1972, seneta Strom Thurmond alimwandikia mwanasheria mkuu, John Mitchell, akipeleka habari kwamba Lennon na wenzake wanapanga kuwakusanya vijana dhidi ya Nixon. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa rahisi: mnyang'anye viza.

Na sababu ya kumfukuza ilikuwa imelala kwenye faili. Mwaka wa 1968, polisi wa London walivamia nyumba alimokuwa akiishi wakapata bangi. Alikiri, akatozwa faini ya pauni 150, akaenda zake. Sheria ya Marekani ilisema mgeni aliyewahi kupatikana na hatia ya bangi hawezi kupewa ukaazi. Viza yake iliisha mwisho wa Februari 1972. Machi, akaambiwa afungashe.

Hapo ndipo barua zinaingia.

Orodha ya waliomwandikia ukiisoma leo unaweza kudhani ni mwaliko wa sherehe. Bob Dylan aliandika kwa mkono wake kwamba hao watu wawili waachwe wakae, nchi ina nafasi ya kutosha. Joan Baez aliandika. Waandishi John Updike, Joseph Heller na Joyce Carol Oates waliandika. Leonard Bernstein, mwongozaji mkubwa wa okestra, naye aliandika. Meya wa New York, John Lindsay, aliiandikia idara ya uhamiaji mwezi Aprili akiiomba isimamishe kesi, na akaonyesha kwamba kosa la hao wawili lilikuwa mdomo wao. Kukaundwa hata kamati ya kitaifa ya kuwatetea.

Ukiniuliza mimi wa wiki tatu zilizopita, ningesema kesi imeisha. Una Dylan na una meya, unataka nini tena?

Sikia basi. Tarehe 23 Machi 1973, hakimu wa uhamiaji Ira Fieldsteel alimpa Yoko ukaazi wa kudumu, akamwamuru Lennon aondoke nchini ndani ya siku 60. Barua zote hizo, na alipigwa. Akakata rufaa kwenye bodi ya uhamiaji. Julai 1974, akapigwa tena.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Huyu ni John Lennon. Kama barua ya Dylan haikumfaa yeye, video ya sekunde 30 ya staa wetu itamfaa nani?

Sisemi barua hazikufanya kitu. Zilifanya, ila si kile tunachodhani. Sheria ya Marekani wakati huo ilikuwa na nafasi maalum kwa wageni wenye kipaji cha kipekee katika sanaa, na wakili wao, Leon Wildes, aliomba nafasi hiyo. Kwa ombi kama hilo, mtu wa sanaa kusema "huyu ni msanii wa maana" ni ushahidi halisi. Idara ilipokalia ombi, Wildes alienda mahakama ya serikali kuu ilazimishwe kulishughulikia, na likapita. Lakini ile bangi ya London bado ilikuwa imesimama mlangoni. Hakuna barua iliyoweza kuifuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa anauliza kama Lennon ni mtu mzuri. Swali lilikuwa: je, sheria inamruhusu?

Halafu barua zilileta kelele, na kelele ilileta muda. Nadhani ni vigumu zaidi kumpakia mtu kwenye ndege kimya kimya wakati magazeti yote yanamwandika. Na muda kwenye kesi ya uhamiaji ni dhahabu. Nixon mwenyewe alijiuzulu Agosti 1974 kwa aibu ya Watergate. Lennon bado alikuwa New York.

Lakini ushindi ulitoka kwingine kabisa. Cha kushangaza, Wildes, mwanzoni mwa kesi, hata hakujua John Lennon ni nani. Sio shabiki. Alikuwa tu mtu aliyejua sheria ya uhamiaji na hakuchoka kuuliza.

Alichouliza ni hiki: kwani kila mtu mwenye kosa kama hili anafukuzwa? Serikali ilikuwa na mpango wa ndani, haukutangazwa, wa kuweka kando kesi za watu fulani wasifukuzwe kwa sababu za kiutu: mgonjwa, mzee, mtu mwenye familia itakayovunjika. Idara haikutaka kuuzungumzia. Wildes alitumia sheria ya uhuru wa habari, akadai faili, akapewa. Baadaye alichapisha uchambuzi wa kesi 1,843. Ndani yake kulikuwa na watu wenye makosa mazito kuliko ya Lennon, na walikuwa wameachwa wakae. Kumbe mlango ulikuwepo muda wote. Ulikuwa tu haujaandikwa "mlango".

Kisha tarehe 7 Oktoba 1975, mahakama ya rufaa ya New York iliamua, majaji wawili kwa mmoja, kwamba amri ya kumfukuza haiwezi kusimama. Aliyeandika hukumu ni jaji Irving Kaufman, na kabla mumwone kama malaika, ni huyo huyo aliyewahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg mwaka wa 1951. Hakutaja Dylan kama sababu. Alisema sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimtia mtu hatiani hata kama hakujua ana bangi, na hatia ya aina hiyo haikuwa ile ambayo sheria ya Marekani ilikusudia. Akaongeza kwamba mahakama haitavumilia mtu kuchaguliwa na kufukuzwa kwa sababu za siri za kisiasa. Siku mbili baadaye, siku ambayo Lennon alikuwa anatimiza miaka 35, mwanawe Sean alizaliwa.

Tarehe 27 Julai 1976 walirudi mbele ya Fieldsteel, hakimu yule yule. Safari hii mwandishi Norman Mailer na mwigizaji Gloria Swanson walikuja kumtolea ushahidi, na akapata kadi yake ya ukaazi. Mastaa walikuwepo, ndiyo. Lakini walikuja wakati sheria tayari ilikuwa imefungua njia.

Sasa wacha niwapeleke nyuma kidogo, kwa mtu mweusi, kwa sababu ukisoma ya Lennon peke yake unaweza kudhani kila mtu hupata miaka minne ya kupigana akiwa nyumbani kwake.

C. L. R. James alikuwa mwandishi kutoka Trinidad. Katika miaka ya thelathini alikuwa London, kwenye kile kikundi cha George Padmore kilichokuwa kinapigania uhuru wa Waafrika. Mwenzao mmoja pale alikuwa Jomo Kenyatta. Ndiyo, huyo huyo wa kwenye noti zetu za zamani. Mwaka wa 1938 James alitoa kitabu chake juu ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti, na mwaka huo huo akaenda Marekani. Viza ikaisha, akabaki. Miaka ikapita. Mwaka wa 1952, wakati serikali ya Marekani inaona mkomunisti chini ya kila kitanda, walimkamata wakamzuilia Ellis Island, kisiwa kile kile ambacho wahamiaji walikuwa wanakipitia wakiingia. Mwaka huo huo, huku kwetu, Waingereza walimkamata Kenyatta.

James alifanya nini? Akiwa kizuizini alianza kuandika kitabu kizima juu ya riwaya ya Moby-Dick, ya mwandishi wao mkubwa Herman Melville, na mwishoni akaeleza yaliyomkuta pale Ellis Island. Kitabu kilipotoka, nakala zilitumwa kwa wabunge wa Kongresi. Yaani mwanaume alijiandikia barua yake mwenyewe, ukubwa wa kitabu, kuwaonyesha kwamba anaifahamu nchi yao kuliko wengi wao. Mwaka wa 1953 alilazimika kuondoka.

Tofauti ni nini? Kipaji alikuwa nacho. Lakini nyakati za woga, watu wakubwa huogopa kutia sahihi. Barua ya mtu mkubwa hupatikana kirahisi pale ambapo haimgharimu kitu. Ndio maana nimeacha kuwakasirikia wale 11, hata wa bei. Nilikuwa nawaomba waweke majina yao kwa mtu wasiyemjua. Hata mimi simjui. Sijawahi kuongea na huyo brathe hata siku moja!

Najua mtaniambia, wewe, hizo ni za wazungu, huku bila mtu mkubwa hutoboi. Sawa. Mnawakumbuka Wamakonde?

Mababu zao walitoka Msumbiji kuja Pwani yetu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na kwa miaka mingi hawakuwa na kitambulisho. Huna kitambulisho, huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huna kura, na polisi akikusimamisha huna cha kuonyesha. Oktoba 2016 waliamka Kwale wakaanza safari ya miguu kuja Nairobi. Hawakuwa na Dylan. Walikuwa na mashirika ya haki yaliyowasimamia, na miguu. Walifika hadi Ikulu, na rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya.

Mtu mkubwa alikuwepo mwisho wa hadithi, sikatai. Lakini hakuja kwao. Walimwendea wakiwa wengi, wakiwa na hoja, na wakiwa na maisha yao yote kama ushahidi.

Na tukirudi kwa Lennon, kuna kitu kimoja ambacho ndicho kilichonifanya niandike hii yote. Lennon aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake New York tarehe 8 Desemba 1980. Kadi aliyoipigania aliishi nayo miaka minne na kidogo. Lakini ule mpango uliokuwa umefichwa haukurudi gizani. Uliendelea kutumika, sasa hadharani, na mawakili wa watu wa kawaida wakajua wa kuuomba. Mwaka wa 2012, Barack Obama alipotangaza kwamba vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto bila karatasi wanaweza kuahirishiwa kufukuzwa, alitumia uwezo wa aina hiyo hiyo. Mamia ya maelfu ya vijana, wengi wao wa umri wetu, hakuna hata mmoja aliyeandikiwa barua na staa. Barua za mastaa zilimsaidia mtu mmoja kupata muda. Maswali ya wakili yalifungua njia kwa watu ambao hakuwahi kukutana nao.

Kwa hivyo nilimpigia yule dada. Nilimwambia mambo mawili, na la kwanza lilikuwa gumu: sina staa, na hiyo video sitaifanya. Alinyamaza sana. Nikadhani amekata simu. La pili, nikamwomba amuulize wakili swali moja tu: barua hizo unazitaka kutoka kwa nani, na zithibitishe nini?

Jibu lilikuja kesho yake, na natamani tungeuliza mapema. Wakili hakuwa amewahi kutaja mtu mkubwa. Alitaka watu wanaomjua. Bosi wake wa ghala aseme amefanya kazi pale miaka mingapi. Mwalimu wa mtoto aseme ni nani humleta shule asubuhi. Jirani. Mwenye nyumba. Mzee wa kanisa lao. Kila mmoja aandike jina lake kamili, amemjua tangu lini, na ameona nini kwa macho yake mwenyewe. Bila sifa tupu, bila "ni kijana mzuri mwenye bidii". Tarehe na vitu vilivyotokea.

Tumekaa usiku kadhaa kwenye simu, mimi na yeye na brathe mwenyewe kule, tukiandika orodha. Mara ya kwanza kumsikia sauti. Alianza na majina manne, akisema hana watu. Tukamuuliza: nani alikupeleka hospitali mtoto alipozaliwa? Nani anakushikia ufunguo ukisafiri? Wale watoto unaowafundisha mpira Jumamosi, wazazi wao ni kina nani? Orodha ikafika majina 14. Kufikia jana, barua tisa zilikuwa zimefika kwa wakili. Moja imeandikwa kwa mkono na mama mmoja mzee wa jirani, anayesema huyo kijana amemtolea theluji mlangoni kila msimu wa baridi tangu 2019 na hajawahi kukubali pesa.

Sijui kama itatosha. Kesi inasikizwa mwezi ujao, na hakimu hataangalia tu barua, ataangalia sheria. Inaweza kuenda vibaya. James alikuwa na kitabu kizima na bado aliondoka.

Lakini kama wewe ni wa zile barua tano ambazo hazijafika, na najua mmoja wenu husoma hapa kwa sababu brathe aliniambia, tafadhali usingoje uwe mtu mkubwa. Umemjua miaka sita. Kaa chini leo jioni uandike.